Maji Yenye Inakatala Sabuni

Ile mwaka ilikuwa mwaka ya bukari ya mihogo. Unga ya mahindi yenye inatokaka upande ya Mokambo ilikatika, malori ikalala ku mupaka, na sisi bantu ya Lubumbashi, benye tulizoea bukari nyeupe, ugali ya mahindi yenye kusimama mu sahani sawa kofia ya askofu, tukaanza kukanda bukari ya mihogo, ya rangi ya jivu, inanata ku bidole sawa gundi ya fundi ya biatu. Muchana mihogo, magaribi mihogo, na tomsoni pembeni, ile samaki ya barafu yenye inatoka mu karto na macho wazi. Batoto ya mutaa balikuwa banalia mbele ya sahani. Mimi sikulia. Nilikomaa na mihogo, ninaijua kutoka mizizi mpaka majani, na bale balikuwa banakunja pua nilibaambia waziwazi: hamuko na njaa, muko na majivuno.

Basi ukiniuliza ni mwaka gani robine ya maji iliingia mu lupango yangu, sitakupa namba. Masista balinifundisha kusoma, kuandika na sala, kisha baba akasema inatosha, shamba inangoja. Nitakuambia tu ni mwaka ya bukari ya mihogo. Kila muntu ya kwetu Kampemba mwenye tumbo atakumbuka.

Lupango yangu ni kiwanja kidogo, ukuta ya matofali ya kuchoma, na ndani yake nyumba ya byumba bitatu yenye marehemu bwana yangu alijenga wakati alikuwa anatumika mu migodi. Mbele robine haijaingia tulikuwa tunachota ku kisima ya jirani yangu wa ukuta, mwanamuke mwenye moyo muzuri na kinywa mubaya. Unafika na bido yako ya maji, anakuangalia kutoka kichwa mpaka miguu, anasema, "Mama, leo tena? Kwenu munaogaka mara ngapi, muko bata?" Unameza mate, unachota, unaenda. Miaka mingi nilimeza. Njo maana, siku wanaume balikuja kuchimba mufereji mu barabara na kulaza mipira ya maji mpaka pa ukuta yangu, nilivaa kikwembe yangu ya Paska.

Robine ilikohoa, ikatema udongo nyekundu, kisha maji ikatoka, safi, baridi, inang'aa. Niliifungula, nikaifunga, nikaifungula tena. Nilisimama pa mulango ya barabara, nikaanza kuita bapita-njia bakuje kukunywa. Mumoja alisema hana kiu. Nikamuambia, kunywa tu, ni maji ya kwangu.

Jirani naye alikuja. Akakunywa, akapangusa midomo, akabaki na kikombe mu mukono anaiangalia.

"Eh," akasema. "Iko na uzito."

"Uzito gani?"

"Ninajua mimi? Iko sawa unameza kitu."

Nilifikiri ni wivu. Kumbe ulimi yake njo ilisema kweli ya kwanza juu ya ile maji.

Nilikaa na beseni ya nguo, nikashika sabuni, nikasugua. Povu hapana. Nikasugua tena. Mu beseni ikaanza kuelea kitu sawa maziwa yenye kuganda, uchafu nyeupe yenye inashika ku nguo na ku mikono na haitaki kutoka. Kipande ya sabuni yenye ilikuwa inanitosha juma nzima ikayeyuka mu beseni moja, na nguo haikutakata. Mashati nyeupe ya batoto ya masomo, mu mutaa yote, ikageuka rangi ya meno ya muvuta tumbako. Taulo, ukiianika asubuhi, jioni unaweza kuisimamisha pa ukuta, inasimama yenyewe sawa mugeni mwenye hajakaribishwa.

Maharagi ilikuwa mubaya zaidi. Unaweka ku mbabula asubuhi, makala inakwisha, unaongeza makala, saa ya kula inafika, na maharagi iko inagonga nyungu sawa changarawe. Mama mumoja wa kanisa yetu alipikia bageni, mugeni akauma, akafunika kinywa na mukono, akasema alishashiba. Alikuwa amekula kijiko moja.

Chai ikalala na ngozi juu yake, inang'aa sawa mafuta. Gilasi, unaiosha, unaipangusa, unaiangalia mu mwangaza: alama nyeupe, sawa konokono ilitembea. Chanuo ikakatala ku nywele. Na birika, ile birika yangu ya chuma, ikaanza kunenepa ndani. Kila juma ukuta yake ilikuwa inaongezeka, nyeupe, ngumu, mpaka ukiitikisa inalia sawa sanduku ya misumari, na maji ya chai moja inakula makala ya chai mbili.

Mutaa ilisema yote. Bamoja balisema ni dawa ya kufunga kizazi, mu ile mwaka yenye barabara yetu ilizaa batoto kupita kuku. Bengine balisema ni sumu ya migodi. Robine yangu ilipoziba koo, fundi ya mipira akaifungula, akaigonga ku jiwe, magamba nyeupe ikatoka. Akasema, "Mama, chini yetu hapa ni mawe ya chokaa. Maji inalala mule, inatoka na chokaa yake. Haitakuua. Itakuchokesha tu." Na njo vile ilikuwa.

Nikajifunza hasira yake sawa vile unajifunza hasira ya bwana. Maharagi ninalaza mu maji na soda kidogo, asubuhi ninamwanga ile maji. Birika ninaichemsha na ndimu mpaka inatema. Maji ya kukunywa ninachemsha jioni, ninaiacha itulie, ninaimwanga polepole na kuacha chini yake. Nilikuwa ninajisemea, robine, wewe na mimi tutazeeka pamoja, na hakuna mwenye atamushinda mwenzake.

Mu ile hali njo mujukuu wangu alikuja kukaa kwangu na mimba yake ya kwanza.

Kwetu mimba ya kwanza mwanamuke anaizalia kwao. Mama yake anamuogesha yeye na mutoto, anamukanda tumbo na kitambaa ya maji moto, mpaka mutoto anashika shingo yake na mama anashika tena nguvu ya kurudi kwa bwana. Huyu mujukuu nilimulea mimi. Mama yake alienda kuolewa Kilwa yetu, ile ya ku ziwa, barabara yenye kumeza magari, akaniachia mutoto ku mugongo hajaota meno. Kwa ile mama yake ni mimi, na bwana yake ni mukwe wangu mimi.

Juu ya mukwe ninapenda kusema kidogo, maana bantu ya leo banachekaka na hii kitu. Mukwe haumuangalii mu macho. Haukule naye, haukae ku kiti yake, haupite fasi yenye analala. Siyo chuki, ni heshima: mwili ya mama ya muke wake ni kitu ya kufunikwa mbele yake mpaka kufwa. Huyu kijana ni mutoto wa bantu ya Kasai, alisoma sana, anatumika na kompyuta, lakini hii aliijua. Akinikuta mu barabara anapita ngambo ingine na kuinamisha kichwa. Nilimupenda juu ya ile.

Mutoto alizaliwa mu mwezi ya joto, mvua haijafika, Lubumbashi yote ni vumbi. Musichana, nywele mingi, na masikio yangu. Bengine balisema masikio ni ya baba yake. Balikosea.

Ninaogesha mutoto vile mama yangu aliogesha. Ninakaa ku kiti fupi ya mbao, miguu mbele, mutoto juu ya mifupa ya miguu, beseni ya vuguvugu pembeni. Mukono moja inashika shingo, ingine inafanya kazi yote: kichwa, makwapa, mugongo, magoti ninayanyoosha, pua ninaifinya ikae muzuri. Maji inanimwangikia mpaka kifuani. Nikimaliza, mimi naye tumeloa sawa, ninavua, ninajimwangia maji, ninabadilisha kikwembe. Ni mimi niliogesha batoto yangu, na huyu mama yake, na nusu ya mutaa. Na huyu wa sasa, nilikuwa nimemungojea tangu siku mujukuu wangu aliolewa. Kwa uzee yangu sikuomba kitu ingine: nimuogeshe na mikono yangu, mu lupango yangu, mpaka wakati yake ifike.

Lakini robine haikujua heshima ya mutoto. Ngozi yake ikaanza kukauka, kisha kupasuka, ku makunyo ya mikono, fasi nyama inajikunja, ku mapaja, nyuma ya masikio, sawa udongo ya kiangazi. Sabuni ilikuwa inabaki juu yake sawa unga. Bitambaa yake ya kufunga, ninafula, ninasuuza, ninaanika, inatoka ngumu sawa karto. Mutoto alikuwa anaona tu mukono yangu na kitambaa, anaanza kulia mbele haijamugusa. Alishaijua.

"Nkambo," mujukuu akasema, "ni maji."

"Maji gani? Wewe uliogea mu nini, mu divai?"

"Mi niliogea mu maji ya kisima, kwa jirani. Hii ni ingine."

Nilipaka mutoto mafuta, nikajifanya ninasikia redio.

Mama ya mukwe wangu akakuja kuona mutoto. Ni mwanamuke mukubwa, anauzisha bikwembe mu soko, lunete ya dhahabu ku macho, Kifaransa inatoka ndani yake sawa maji. Alileta muchele, kikwembe mupya, na sabuni ya mutoto mu sanduku yake. Nikapiga bigelegele. Kisha nikatafuta pemba.

Pemba ni ule udongo nyeupe wenye mama benye mimba banatafunaka. Lakini siyo ya kutafuna tu. Mutoto akizaliwa, nkambo anailowesha na kuipaka ku paji ya uso na ku mikono ya bale banakuja kumuona. Ni alama ya furaha. Muntu anatoka kwenu na pemba ku uso, barabara yote inajua kuko mutoto. Yangu ilikuwa mu kopo ya maziwa ya unga, juu ya kabati. Nikamwanga mu kiganja, nikatia maji, nikamukamata mukwe mwenzangu kichwa, nikaanza kupaka.

Haikutaka kulainika. Nikasugua na nguvu.

"Mama, polepole," akasema. "Unanipaka ao unanikwangua?"

"Ni furaha, Mama. Kaa kimya."

"Furaha yenu iko na meno."

Ilikuwa inaanguka vipande-vipande, ku lunete, mu kifua ya robe yake. Akaokota kimoja, akaiangalia, akaiweka ku ulimi. Akatafuna. Nikasikia kelele yake kutoka fasi nilisimama.

"Hii haiko pemba," akasema.

"Ni pemba ya soko. Niliichagula mimi."

"Mama, nilitafuna pemba mu mimba zangu zote. Pemba inayeyuka. Hii inalia."

Ku kitanda, mujukuu wangu alikuwa amefunika uso na kikwembe, mabega inatetemeka. Nikafikiri analia. Nikamufunula. Alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Nkambo, unisamehe. Ile ni ya birika."

"Ya birika namna gani?"

"Pemba niliimaliza kitambo. Siku moja nilikwangua birika, nikaona ni nyeupe, nikaonja. Haikuwa mubaya. Basi nikawa ninakwangua na kuweka mu kopo."

"Ulikula birika?"

"Kidogo tu, Nkambo. Hamu haiulizi."

Mukwe mwenzangu akatoa lunete, akaipangusa na pembe ya kikwembe, akaivaa tena, akaniangalia. Paji yake ilikuwa sawa ukuta yenye mupaka-rangi aliikimbia mu nusu. Tukacheka sisi batatu, tukacheka vibaya, sawa bantu benye habana heshima. "Nilishapakwa pemba mara mingi," akasema, "lakini kupakwa birika ni leo."

Kicheko njo ikaamusha mutoto. Akalia. Nkambo yake wa Kasai akamubeba, akamufungula kitambaa, na kicheko ikaisha. Akapitisha kidole gumba mu makunyo ya paja, polepole. Akaokota kitambaa yenye kukauka, akaikunja mu mbili, akaiachilia. Ikabaki vile ilikunjwa.

Hakunitukana. Ingekuwa matusi ningejua kujibu.

"Mama," akasema, "maji ya hapa inamukula mutoto."

"Ni mwezi ya joto njo inamukula."

"Mama. Unaona vile mimi ninaona." Sauti yake ilikuwa chini. "Kwetu maji ni kama maziwa. Sabuni inatoa povu mpaka ku kiwiko. Bakuje kwetu leo, gari iko hapa inje. Na wewe ukuje nabo. Chumba iko. Utamuogesha wewe mwenyewe, mimi sitagusa."

Ninajua ilikuwa neno muzuri. Lakini kwabo njo nyumba yenye mukwe wangu analala, anaoga, anatembea bila shati. Nimuogeshe mutoto kule, niloe mpaka kifua, kisha nivue kikwembe mu bafu yake, nitundike ku musumari yenye anatundika suruali? Nikasimama.

"Mama," nikamuambia, "kwangu ni hapa. Mu nyumba ya mukwe mimi sivui nguo, hata maji yake iwe maziwa."

Naye ni mwanamuke mwenye alilelewa.

"Hata kwetu iko vile," akasema. "Mama yangu hakunikuta hata mara moja mu nyumba yangu. Lakini mutoto huyu, Mama, yeye hana bukwe na muntu."

Ile neno ilinifikia. Akamurudisha mutoto ku mukono ya mama yake, akafunga mukoba. "Tusikie hivi. Ngozi ikifunga, anabaki kwako mpaka wakati yake ya kutoka. Nikirudi nikikuta inapasuka, ninamubeba, na tusigombane."

"Hatutagombana," nikasema.

Akatoka na uso yake nyeupe vile vile. Nilitaka kumupa kitambaa ajipanguse, akakatala. Alisema barabara ione.

Magaribi ile, nikabeba bido, nikaenda pa mulango ya jirani. Tangu robine iingie kwangu, sikuwa nimekanyaga pa kisima yake. Alikuwa anachagula mboga ya lengalenga. Hakusimama.

"Mama wa robine," akasema. "Ilikufwa?"

"Haikufwa. Mutoto anaikatala."

Nilingoja aniambie habari ya bata. Aliniangalia kutoka kichwa mpaka miguu, vile alikuwa anafanyaka, akafungua kinywa, akaifunga. Akaweka mboga chini, akashusha kamba yeye mwenyewe. Kisima ilikuwa karibu kukauka, ndoo ikapanda na maji kidogo, ya rangi ya chai. "Uichemshe," akasema, "uichuje na kitambaa. Na kesho ukuje mbele bengine habajafika, njo inakuwaka safi."

Vile nikafanya. Kila siku asubuhi, maji kidogo ya kisima kwa mutoto, yenye kuchemka na kuchujwa. Sabuni nikaiweka mbali naye kabisa, hata ile ya sanduku muzuri. Nikamupaka mafuta nyeusi ya mbegu ya ngazi, ule muti ya mawese, yenye inanuka moshi, kila kunyo, kila kidole. Mujukuu alisema mutoto ananuka sawa jiko. Nikamuambia, jiko haijapasula muntu ngozi. Lakini bitambaa, hakuna kisima yenye ingetosha bitambaa. Bitambaa ilikuwa inaendelea kufuliwa mu robine, inaendelea kuwa karto, na ku mapaja mutoto alikuwa anafunga leo, anafunguka kesho.

Kila jioni nilikuwa ninaangalia mawingu sawa muntu mwenye anangoja gari moshi.

Mvua ya kwanza ikaanguka. Bibi ya mutaa bakakimbia na mabeseni. Mujukuu naye akatoa ndoo zote inje.

"Rudisha ndani," nikamuambia.

"Nkambo, ni mvua. Njo tulikuwa tunangoja."

"Ni mvua yenye inaosha mabati. Angalia."

Ku mufereji ya nyumba ilikuwa inashuka maji nyekundu, sawa ile bantu banamwanga kisha kuosha matofali. Vumbi ya kiangazi yote, moshi ya makala, mavi ya ndege, na kile kitu yote ya migodi yenye upepo inatubebeaka. Nikaiacha ipite. Ya pili nikaiacha vile vile, maana ilikuwa fupi. Ya tatu ilikuja na nguvu, kubwa, inapiga mabati mpaka hausikii muntu mwenye ananong'ona ku sikio yako, na maji ikashuka safi. Tukatoa yote: ndoo, mabeseni, nyungu, bido, hata ile birika.

Nikakaa chini ya baraza, nikatia sabuni mu beseni, nikasugua. Povu ikapanda. Ikapanda mpaka ku kiwiko, ikapita, ikaanza kuanguka ku magoti. Nilikaa na mikono mu povu sawa mupumbafu. Mujukuu akaniuliza, "Nkambo, unafula ao unasali?" Nikamuambia alete bitambaa.

Ikakauka laini sawa sikio ya mbuzi mudogo. Mutoto akafungwa nayo, akaangalia dari, akangoja maumivu, maumivu haikufika. Akalala.

Kutoka ile siku, mvua ilikuwa ya mutoto, robine ilikuwa yetu. Sisi bakubwa tulioga na chokaa, tukajikuna. Yeye, nikarudi kumuogesha asubuhi na jioni, na sabuni, na povu, ninamurusha juu kidogo, ninamupokea, na makunyo yake ikafunga moja moja: ya nyuma ya masikio kwanza, kisha mikono, mapaja njo ya mwisho.

Mukwe mwenzangu alirudi. Hakukaa. Alimubeba mutoto mpaka pa mulango, ku mwangaza, akamugeuza sawa vile anageuza kikwembe kuangalia kama rangi iko pande mbili. Akafungua makunyo yote na kidole. Mimi nilikuwa ninachambula mupunga, mukono yangu haikuwa inaona mupunga.

"Ilifunga," akasema.

"Niliona mimi wa kwanza."

"Ulifanya na nini?"

"Na Mungu na mabati."

Akacheka. Mu mukoba yake akatoa kipande ya pemba, ya kweli, akailowesha, akanipaka mimi ku paji na ku mikono, polepole, ikakaa. Hatukusema tena juu ya gari.

Na njo vile nilimuogesha mutoto masika yote. Alishika shingo. Alianza kucheka mbele maji haijamugusa. Alijifunza kupiga maji na mikono mpaka ninatoka pale nimeloa kupita yeye. Kama ungeniuliza ile miezi ninataka nini, ningekuambia niko nayo ku magoti.

Kisha mvua ikapunguka, ikakwisha. Ndoo za mwisho nikazitumia kwa kupima. Upepo ya baridi ikaanza, na wakati ya mutoto kutoka ikafika. Hakuna mwenye alikosea. Ilikuwa tu imefika.

Mukwe wangu alikuja mwenyewe kubachukua. Hakuingia. Alisimama inje ya lupango, mugongo ku ukuta, uso ku barabara, na bibi yake akaenda kusimama pa mulango, kati yetu. Ninakaa mu baraza, ninasikia kila neno. Yeye anasema kwa bibi yake sawa mimi siko.

"Umuambie mama mukwe, tunamushukuru kwa mutoto. Umuambie vile vile, nilijenga bafu ingine, inje, kule mwisho ya lupango. Mulango yake inaangalia ukuta. Mimi sitakuwa ninapita kule. Maji inafika. Akuje amuogeshe mutoto, hata kiangazi hii tu. Mutoto alizoea mikono yake."

Mujukuu akageuka. Alikuwa na mutoto ku mukono, na macho yamejaa.

"Nkambo, umesikia."

"Masikio iko."

"Alijenga na mikono yake, juu yako. Jumapili zote."

"Ninaona. Ni kijana muzuri. Uliolewa muzuri."

"Basi kuja. Kuja, Nkambo. Mimi sijui kumurusha vile unamurushaka. Mama ya bwana yangu naye anaogopa, alishasahau. Nani atamuogesha?"

Nikanyoosha mikono, akanipa mutoto. Alikuwa muzito, laini mwili yote, ananuka mafuta ya mbegu na usingizi. Akakamata sikio yangu, vile alizoea. Sitasema uongo hapa: mikono yangu ilitaka kwenda. Miguu naye ilitaka. Niliona ile bafu, mulango yake ku ukuta, maji yenye inatoa povu bila kungoja wingu, na mutoto anapiga maji. Na niliona vile vile kikwembe yangu yenye kuloa inanianguka ku miguu mu lupango ya mukwe, na yeye mu nyumba anajua kama niko kule uchi, anaongeza sauti ya redio juu ya heshima. Bafu ni yake. Ukuta ni yake. Naye miaka yote alipitaka ngambo ingine ya barabara juu yangu.

Nikamuonyesha mujukuu mara ya mwisho vile mukono inashika shingo, hivi, na vile ingine inabaki huru. Nikamuwekea mutoto ku mukono. Nikamufunga mama na mutoto na kikwembe moja, fundo nyuma. Kisha nikamuambia, kwa sauti yenye inaweza kuvuka ukuta bila kumuangalia muntu:

"Umuambie bwana yako nilisikia, na ninamushukuru. Kwangu ni hapa. Mu nyumba ya mukwe mimi sivui nguo, hata maji yake iwe maziwa."